F3 ya AS/400: indiketa za namba, *INKC, INDDS au baiti ya 369, uchukue ipi?

Hii inawahusu nyie mnaoshika lugha ya RPG kwenye AS/400, mashine ya IBM ambayo siku hizi jina lake ni IBM i ila wengi bado tunaiita kwa jina ililotangazwa nalo mwaka 1988, na hasa wewe uliyekabidhiwa programu ya zamani ya stoo au mikopo au mishahara ukaambiwa "ongeza tu kitufe kimoja, F9 ifungue historia ya mteja". Unafungua sosi unakuta F3 inashughulikiwa namna moja, F12 namna nyingine, F4 namna ya tatu, kwa sababu kila aliyepita humo aliacha mazoea yake. Sasa F9 yako utaiandika vipi? Kuna njia nne utakazokutana nazo, zote zinafanya kazi mpaka leo, kompaila inazikubali zote bila kulalamika, kwa hiyo hakuna atakayekuzuia ukichagua vibaya.

Nitazipitisha zote kwenye skrini moja ileile ili tofauti ionekane. Skrini ya kurekebisha taarifa za mteja: F3 kutoka, F12 kurudi nyuma, F4 kuonyesha orodha ya matawi, Enter kusevu. Hiyo Enter naomba uishike kichwani tangu sasa, maana kwangu mimi ndiyo inayoamua nani mshindi hapa.

Kabla ya yote, CA au CF

Njia yoyote utakayochagua, kitufe lazima kiruhusiwe kwanza kwenye DDS (sosi inayoeleza muundo wa skrini) ya faili la skrini, kwa CA au CF ikifuatiwa na namba. Usipokiruhusu, mtumiaji akikibonyeza anapata ujumbe wa "Function key not allowed" na programu yako haipati habari yoyote kwamba kuna kitu kimebonyezwa.

Watu wengi wanaandika CF kila mahali kwa sababu walikuta hivyo, na hapa kuna tofauti kubwa sana. CA inaiambia programu kitufe gani kimebonyezwa lakini data aliyoandika mtumiaji kwenye skrini haiji, na ule ukaguzi wa DDS kama RANGE, VALUES na COMP haufanyiki. CF inaleta data na inakagua. Sasa fikiria mtu ameandika herufi ya ovyo kwenye sehemu yenye VALUES('A' 'B'), kachanganyikiwa, anataka kutoka, anabonyeza F3, na wewe umeweka CF03: sistimu inamgomea, inamwambia sahihisha kwanza. Anabonyeza tena, inagoma tena. Mtu wa kaunta mwenye foleni mbele yake hana muda wa hiyo. Kwa hiyo F3 na F12 ziwe CA, F5 ya kurudisha skrini upya iwe CA, na F4 iwe CF kwa sababu unahitaji kujua ameandika nini ili umwonyeshe orodha inayofanana, na kitufe chochote kinachosevu kitu, F10 kwa mfano, lazima kiwe CF, ukikiweka CA utasevu data ya zamani na hakuna kosa litakaloonekana popote.

Hili la CA na CF haliko kwenye mashindano, ni la kuweka sawa kwanza. Tuingie sasa.

Njia ya kwanza: indiketa za namba

Hii ndiyo utakayoikuta kwenye programu nyingi zaidi. Indiketa ni swichi tu yenye namba, imewaka au imezimwa. Kwenye DDS unaandika CA03(03), CF04(04), CA12(12), kwenye RPG unasoma *IN03, *IN04, *IN12 baada ya exfmt, ile inayoonyesha skrini na kusubiri mtumiaji abonyeze:

```
exfmt SKRINI1;
if *in03 or *in12;
   leave;
elseif *in04;
   onyeshaMatawi();
else;
   hifadhiMteja();
endif;
```

Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaijua. Ukimwita developa yeyote wa RPG, awe alianza enzi za kadi au amemaliza kozi juzi, akiona *in03 anajua ni F3. Na sehemu nyingi zilijiwekea utaratibu kwamba indiketa 1 hadi 24 ni za vitufe kwa namba zilezile, za katikati ni za rangi na makosa ya skrini, za tisini na kitu ni za kuendesha sabufaili (orodha za mistari ndani ya skrini), na panapofuatwa utaratibu huo kwa uaminifu programu inasomeka vizuri tu.

Tatizo ni hilo neno panapofuatwa. Indiketa ziko 99 kwa programu nzima na yeyote anaweza kuiwasha yoyote. RPG ya zamani ilikuwa inatumia indiketa hizohizo kwa kila kitu, CHAIN isipopata rekodi inawasha indiketa, READ ikifika mwisho inawasha indiketa, ulinganisho wa namba unashika mpaka indiketa tatu kwa mpigo. Mtu mmoja miaka ya nyuma aliona 12 haitumiki kwenye skrini aliyokuwa anashughulika nayo, akaitumia kama alama ya "mteja hayupo", wewe leo unaongeza F12, ukitesti na mteja aliyepo kila kitu kinaenda, ukipeleka kwa watumiaji unaambiwa skrini inajifunga yenyewe. Hapo utatafuta. Na kutafuta kwenyewe ni kazi, maana ukisachi "12" kwenye sosi ya mistari elfu sita utapata miezi, utapata urefu wa fildi, utapata kila kitu.

Na angalia ule mstari wa mwisho wa mfano, ule wa else. Enter haina indiketa. Programu inajua ni Enter kwa sababu hakuna indiketa nyingine iliyowaka. Nitarudi hapo.

Njia ya pili: *INKA hadi *INKY

Hizi ni za zamani zaidi, zinatoka ukoo wa RPG II, enzi za System/34 iliyotoka 1977 na terminali zake za 5251 ambazo hazikuwa na mstari wa vitufe vya F kama kibodi yako ya leo, ulikuwa unabonyeza Cmd kisha kitufe cha mstari wa namba, na ukiongeza Shift unapata zile za 13 hadi 24. Zipo mpaka leo na zinafanya kazi hata ndani ya kodi mpya isiyo na safu. Kwenye DDS unaandika CA03 tupu bila namba ya indiketa, kwenye RPG unauliza:

```
exfmt SKRINI1;
if *inkc or *inkl;
   leave;
elseif *inkd;
   onyeshaMatawi();
else;
   hifadhiMteja();
endif;
```

Herufi ya tatu ni C kwa hiyo *INKC ni F3, D ni F4, L ni F12. Faida yake halisi ni kwamba ziko pembeni ya zile 99, ni nadra CHAIN au alama ya kosa kuingizwa humo, ukiona *INKC imewaka ujue ni kitufe. Kwa usalama iko mbele ya njia ya kwanza kabisa, wala sielewi kwa nini watu wanaidharau kiasi hicho.

Lakini kusoma ni shida. F9 ni nini? A, B, C, D... I. Sawa. F17? Ukihesabu herufi moja moja utapata Q, na utakuwa umekosea, kwa sababu hakuna *INKO. Zinakwenda KA hadi KN kwa F1 hadi F14, halafu zinaruka zinaanza KP kwa F15 mpaka KY kwa F24. F17 ni *INKR. Anayejua anajua, asiyejua atahesabu vidole na kuwa nyuma kwa moja kuanzia F15 kwenda juu, na kompaila haitamwambia kitu kwa sababu *INKQ ipo kihalali, ni ya F16.

Ukikuta programu nzima imeandikwa hivi, na inaenda, na wewe unaongeza F9 tu, andika *INKI, weka koment pembeni kwamba ni F9, funga sosi, endelea na maisha. Kuanzisha programu mpya kwa staili hii leo ndio sikushauri.

Njia ya tatu: INDDS, indiketa zenye majina

Hii ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na ilikuwa hatua kubwa. Indiketa za faili la skrini zinahamia kwenye data strakcha yako mwenyewe na unazipa majina:

```
dcl-f MTEJAD workstn indds(skr);

dcl-ds skr qualified len(99);
   toka      ind pos(3);
   matawi    ind pos(4);
   rudi      ind pos(12);
   kosaTawi  ind pos(40);
end-ds;

exfmt SKRINI1;
if skr.toka or skr.rudi;
   leave;
elseif skr.matawi;
   onyeshaMatawi();
else;
   hifadhiMteja();
endif;
```

Kwenye DDS lazima uweke INDARA, neno la kutenga indiketa na data, juu ya faili. Sasa hii inasomeka. Mtu ambaye hajawahi kuona AS/400 anaelewa skr.toka. Na skr.kosaTawi = *on ya kuwasha rangi nyekundu kwenye sehemu ya tawi ni nzuri mara mia kuliko *in40 = *on, hilo sidhani kama kuna wa kulipinga.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza, namba zinaishi sehemu mbili, kwenye DDS na kwenye hiyo pos(). Mwenzako akibadilisha DDS kutoka 40 kwenda 41 akasahau strakcha, vyote viwili vinakompaila safi na sehemu ya tawi haiwi nyekundu tena. La pili ni kubwa zaidi na linawakamata sana wanaobadilisha programu ya zamani nusunusu: ukishaweka INDDS, *INxx za kawaida hazina tena uhusiano na lile faili. Zipo, unaweza kuziwasha, hazigombi, lakini skrini haizisikii. Kwa hiyo ukiongeza INDDS ili F9 yako iwe na jina zuri ukaacha sabrutini kumi bado zinaandika *in40 = *on, umezima ujumbe wote wa makosa kwenye hiyo programu kwa mkupuo mmoja. INDDS kwa faili moja ni yote au usiguse.

Na Enter? Bado iko kwenye else.

Njia ya nne: baiti ya 369

Kila mara mtumiaji anapobonyeza kitufe kinachopeleka skrini, terminali ya 5250 inatuma baiti moja inayosema ni kitufe gani. RPG inakuwekea hiyo baiti kwenye nafasi ya 369 ya INFDS, ile strakcha ya habari za faili. Unaichukua, unalinganisha na konstanti:

```
dcl-f MTEJAD workstn infds(habari);

dcl-ds habari qualified;
   kitufe char(1) pos(369);
end-ds;

dcl-c F03   x'33';
dcl-c F04   x'34';
dcl-c F12   x'3C';
dcl-c ENTER x'F1';

exfmt SKRINI1;
select;
   when habari.kitufe = F03 or habari.kitufe = F12;
      leave;
   when habari.kitufe = F04;
      onyeshaMatawi();
   when habari.kitufe = ENTER;
      hifadhiMteja();
   other;
      kitufeHakijulikani();
endsl;
```

F1 hadi F9 ni X'31' hadi X'39', F10 ni X'3A', F11 X'3B', F12 X'3C'. F13 inaanza X'B1' na kwenda hivyohivyo mpaka F24 ambayo ni X'BC'. Hizo konstanti unaziandika mara moja kwenye faili la /COPY na programu zote za ofisi zinalivuta, hakuna haja ya mtu kuzikumbuka.

Bado unahitaji CA03 na CF04 kwenye DDS, ila tupu, bila namba ya indiketa. Kwa hiyo zile 99 zinabaki zote kwa kazi za skrini. Ukisachi F04 kwenye sosi unapata F4 na si kingine. Na kitufe ni thamani moja, unaweza kuipitisha kwenye prosija nyingine kama parameta, jambo ambalo kwa indiketa ishirini na nne ni usumbufu.

Hasara zake zipo pia. Mtu mpya akikuta 369 haelewi imetoka wapi, mwekee koment. Kubwa zaidi ni vitufe vya kurasa: PageUp, PageDown, Help na Print visiachwe bila indiketa kwa kudhani baiti itatosha. RPG ina namba za status 01121 hadi 01126 kwa vitufe vya aina hiyo vikibonyezwa pasipo indiketa, na inazihesabu kama makosa ya faili, usipoyashughulikia programu inasimama. Andika tu PAGEDOWN(26) na PAGEUP(27), indiketa zenyewe usizisome, soma baiti kama kawaida. Ni X'F5' kwa PageDown na X'F4' kwa PageUp.

Sasa hiyo Enter

Rudi kwenye kazi yako ya F9. Umeongeza CF09 kwenye DDS, umeandika maandishi ya "F9=Historia" chini ya skrini, umekompaila faili la skrini, halafu simu imelia, au umekompaila DDS leo na RPG utamalizia kesho, au mtu mwingine kaweka hiyo CF09 kwenye DDS inayotumiwa na programu tatu na wewe una moja tu kati ya hizo. Mtumiaji anabonyeza F9. Kwenye njia tatu za kwanza programu inauliza: ni F3? hapana. F12? hapana. F4? hapana. Basi ni Enter, sevu. Mtu aliyetaka kuangalia historia amerekebisha rekodi ya mteja na kile alichokuwa ameanza kuandika hakijaisha. Hakuna ujumbe, hakuna kosa kwenye logi, data imebadilika tu. Kwenye mfumo wa mikopo hiyo ni hela ya mtu.

Kwenye njia ya nne F9 isiyojulikana inaangukia other na mtumiaji anaambiwa kitufe hakitambuliki. Kusevu kunatokea pale tu baiti inaposema wazi kwamba hii ni Enter. Kwangu mimi hilo linatosha kuimaliza hii hoja, hata kama njia ya nne ingekuwa mbaya kwa mengine yote.

Wapo watakaosema VLDCMDKEY inatatua hilo kwa indiketa. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Unaandika VLDCMDKEY(25) kwenye DDS na 25 inawaka kila kinapobonyezwa kitufe halali kisicho Enter, kwa hiyo unaweza kuandika kwamba kama *in25 haijawaka ndipo usevu. Ukibaki na njia ya kwanza au ya tatu, tafadhali iweke, ni mstari mmoja. Ila inategemea mtu akumbuke kuiuliza, na else iliyozoeleka vidoleni haiulizi.

Kuna mtego mwingine unaozipiga njia zote nne, nautaja hapa kwa sababu unahusu hizihizi if. Chukua programu iliyoandikwa kwa if zinazofuatana, kila moja imefungwa kivyake badala ya elseif. Mtumiaji anabonyeza F4, dirisha la matawi linafunguka kutoka faili lilelile la skrini, anaghairi kwa F12, anarudi. Mstari unaofuata unauliza if *in12, na 12 imewaka kwa sababu ya F12 ya dirishani, basi skrini kubwa nayo inafungwa. Baiti ya 369 ina ugonjwa huohuo, inabeba kitufe cha mwisho kusomwa. Dawa ni kunakili kitufe kwenye kigeu cha kwako mara tu baada ya exfmt, kisha fanya maamuzi yote kwa hicho kigeu, na tumia select ili ukishaingia tawi moja usiangukie la pili.

Kwa hiyo uchukue ipi

Programu mpya, au ya zamani ambayo umepewa muda wa kuifungua yote: baiti ya 369 kwa vitufe, INDDS kwa rangi, makosa na sabufaili. Vinakaa pamoja vizuri kwenye faili moja, dcl-f inakubali infds na indds kwa wakati mmoja. Jina kwa kila indiketa ya skrini, thamani moja kwa kitufe. Sijaona mpangilio mwingine unaosomeka vizuri kuliko huo.

Programu ya zamani ya indiketa za namba ambayo unaongeza kitufe kimoja tu: fuata uliyoyakuta hapo, lakini hakikisha namba unayochukua haitumiki popote, sachi kwenye RPG, kwenye DDS na kwenye kila /COPY, kisha weka VLDCMDKEY. Kama namba 9 imeshachukuliwa na kitu kingine usiandike CF09(57) kwa siri, hapo tumia *INKI au ongeza INFDS kwa ajili ya hicho kitufe kimoja. INFDS haigusi indiketa zilizopo, tofauti na INDDS, kwa hiyo unaweza kuiingiza kwenye programu ya mwaka 1991 bila kuharibu kitu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda.

Programu ya *INKx: iache. Spidi isikusumbue kwenye lolote kati ya haya, skrini inayomsubiri binadamu abonyeze haitofautishi.

Kuhusu kitufe gani kifanye nini, usibuni. IBM ilitoa utaratibu wa CUA mwaka 1987 chini ya mpango wake wa SAA, na AS/400 nzima imejengwa juu yake: F1 msaada, F3 kutoka, F12 kughairi, na kwenye menyu za sistimu F4 ya kuuliza orodha, F5 ya kusoma upya, F24 ya vitufe zaidi. Kabla ya hapo kila programu ilikuwa na dini yake, WordPerfect ya DOS ilikuwa na msaada kwenye F3 na kughairi kwenye F1, ukizoea moja unaumia kwenye nyingine. F9 kwenye mstari wa komandi inarudisha komandi ya nyuma, kwa hiyo F9 yako ya historia iko sawa mradi skrini yako haina mstari wa komandi. Na F3 na F12 zisifanye kazi moja kama nilivyozikunja kwenye mifano hapo juu kwa ajili ya ufupi: F12 inarudi skrini moja nyuma, F3 inatoka kwenye kazi nzima.

Kama watumiaji wako wamehamia kwenye brauza, kwa vile vifaa vinavyogeuza skrini za 5250 kuwa kurasa za wavuti, kuna jambo la kuongeza kwenye uamuzi. Brauza nayo inataka F5 kupakia ukurasa upya, F11 kujaza skrini, F12 kufungua zana za madevelopa. Na F13 hadi F24 ni Shift na F1 hadi F12, kwenye laptopu ambayo inadai na Fn juu yake hiyo ni vidole vitatu. Kitu kinachotumika siku nzima kiweke kati ya F1 na F12, na maandishi ya chini ya skrini yaandikwe kwa umbo lilelile kila mahali, "F3=Toka", bila nafasi kabla wala baada ya alama ya sawa, kwa sababu vifaa vingi vya aina hiyo vinasoma hayo maandishi kuyageuza vibonye vya kubofya.

Mwisho, kwa wale mnaoshika na COBOL ya CICS, mfumo wa kuendesha transaksheni, kwenye meinfremu. Kule mashindano haya yalishaisha, kuna HANDLE AID ya zamani inayorusha programu kwenye lebo kama GO TO, na kuna EIBAID, baiti moja unayoilinganisha na majina ya DFHAID kama DFHENTER na DFHPF3 ndani ya EVALUATE, na hiyo ya pili ndiyo inayoandikwa. Ni dada wa baiti yetu ya 369. Kule hakuna CA na CF, kitufe cha PF kinaleta data iliyobadilishwa na vitufe vya PA na Clear haviileti, lakini EIBAID unaijua tangu transaksheni inapoanza, kwa hiyo unaiangalia kabla ya RECEIVE MAP na mtu wa PF3 anatoka bila data yake kuguswa. Ila usinakili jedwali la namba za heksa kutoka kule kuleta huku. Terminali za 3270 na za 5250 hazitumi baiti zilezile: X'F1' huku ni Enter, kule ni PF1, na X'F3' ambayo kule ni PF3 ya kutoka, huku ni Help.